Nyumba Uliyokulia na Hela Uliyo Nayo

Leo jioni, kabla hujagusa bajeti wala daftari la madeni, chukua karatasi ukae peke yako. Andika mambo matatu unayoyakumbuka kuhusu hela kutoka utotoni, kabla hujatimiza miaka 12. Usichague yenye maana. Andika yatakayotangulia kuja. Pengine ni baba akiongea kwa sauti ya chini na mwenye nyumba mlangoni, au mama akifungua fundo la kanga kituoni na kuhesabu nauli mara mbili. Pengine ni siku uliyorudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, au siku mjomba alipofika kutoka mjini na kila mtu akaanza kucheka. Chini ya kila kumbukumbu andika sentensi moja: siku ile nilijifunza nini kuhusu hela, na kuhusu watu wenye nazo.

Kisha, upande wa pili wa karatasi, andika maamuzi matatu makubwa ya hela uliyoyafanya katika miaka mitano iliyopita. Kiwanja ulichonunua au ulichokiacha. Mkopo uliochukua. Mtu uliyemkopesha ukijua hatalipa. Kazi uliyoikataa. Soma pande zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi utaona sentensi za mtoto yule zimo ndani ya maamuzi ya mtu mzima.

Semina nyingi za fedha huanza na hesabu: andika mapato, toa matumizi, weka asilimia 10. Hesabu hiyo haina kosa, na karibu kila mtu mzima anaijua. Lakini mtu anayeijua na bado mshahara unamponyoka kila mwezi hasaidiki kwa kufundishwa tena kutoa na kujumlisha. Anaongozwa na kanuni alizozipokea kabla hajawa na umri wa kuzihoji. Nami nasisitiza jambo ambalo wahubiri wa fedha hulisahau: kanuni zile hazikuwa za kijinga. Zilikuwa na akili kabisa katika nyumba zilikozaliwa. Kwa hiyo usianze kwa kujilaumu, wala kuwalaumu wazazi. Jiulize tu: hali iliyoifanya kanuni hii iwe kweli, bado ipo?

Hela iliingiaje kwenu?

Kabla ya kiasi, tazama mwendo. Aliyekulia kwa wakulima wa korosho Mtwara au wa pamba Shinyanga aliona hela ikifika mara moja kwa mwaka. Kuna miezi ya kununua bati, baiskeli na nguo za watoto, na kuna miezi ya kuvumilia. Mtoto wa nyumba hiyo anaweza kuwa leo mwajiriwa wa mjini mwenye mshahara wa kila mwezi, na bado wiki ya kwanza baada ya mshahara akaishi kama msimu umefunguliwa.

Aliyelelewa na mama muuza chakula au baba mwenye genge aliona hela kila jioni. Hajui kukaa bila noti mfukoni, haogopi kesho, na ana ujasiri ambao mwajiriwa hana. Udhaifu wake ni kwamba hela ya mtaji na hela ya mboga zilitoka mfuko mmoja, na hadi leo hawezi kukuambia faida ya biashara yake ni shilingi ngapi.

Mtoto wa mwalimu au karani alikulia na tarehe. Vitu vilichukuliwa dukani kwa Mangi kwa daftari, na daftari likalipwa mwisho wa mwezi. Deni lilikuwa sehemu ya maisha ya kawaida, halina aibu, kwa kuwa mshahara ulikuwa na hakika. Akija kufanya kazi ya mkataba au ya kujitegemea, anaendelea kukopa kama mtu mwenye mshahara wa hakika.

Halafu kuna nyumba iliyoishi kwa hela ya kutumiwa, kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Minnesota. Hapo mtoto alijifunza kwamba hela huja baada ya kuomba, na kwamba ufundi wa maisha ni kuwa na uhusiano mzuri na mtu mwenye nacho. Akikua na kuwa yeye sasa ndiye mtumaji, hujikuta hana ulimi wa kusema hapana, kwa sababu anaijua sauti ya upande wa pili wa simu. Aliwahi kuwa yeye.

Ukishaujua mwendo uliokulia, usijaribu kuubadili kwa nguvu. Panga mambo yako yaufuate. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi na wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Wakulima wengi walisema watanunua mbolea msimu ujao, na walimaanisha. Msimu ulipofika, wachache tu walinunua, maana hela ya mavuno ilikuwa imeshakwenda. Baadhi yao wakapewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya kuvuna, kwa bei ileile ya kawaida, na kupelekewa bila gharama. Ununuzi ukapanda kwa kiasi kinacholingana na punguzo la nusu bei lililotolewa baadaye, wakati wa kukuzia. Kilichobadilika kwao ni siku ya kulipa tu.

Nawe fanya hivyo. Siku hela inapoingia, iwe tarehe 25, iwe siku ya kuuza ufuta, iwe siku ya kupokea mchezo wa upatu, lipa mambo ya mbele kabla ya kula: sehemu ya ada ya Januari, kodi ya miezi ijayo, bima ya afya, mifuko ya saruji ukihitaji. Shule nyingi hupokea ada kwa mafungu ukienda kuzungumza na mhasibu mapema. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi unayemwamini atakuandikia risiti ya bati utakazochukua baadaye. Mkono uliojaa huamua vizuri kuliko mkono mtupu.

Hela ya sikukuu

Kuna kisa ambacho wengi wetu tunacho. Siku ya Idi au Krismasi mtoto anazunguka kwa majirani na mashangazi, anarudi na sarafu na noti ndogo mkononi. Mama anasema, lete nikutunzie. Mtoto analeta. Hela ile haionekani tena.

Mama hakuwa mwizi. Unga ulikuwa umekwisha, au mdogo wake alikuwa na homa, na hela ya mtoto ikaziba pengo. Lakini mtoto aliondoka na somo ambalo hakuna aliyekusudia kumpa: kinachotunzwa hupotea, kinacholiwa ndicho chako. Mtu huyo akiwa na miaka 35 anaambiwa hana nidhamu ya kuweka akiba.

Katika miaka ya 1960 na 1970, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwawekea watoto wadogo kitamu mezani, akawaambia kwamba atakayesubiri mpaka mtu mzima arudi ataongezewa cha pili. Miaka mingi baadaye ikasemwa kwamba waliosubiri walifanya vizuri zaidi shuleni na maishani, na dunia nzima ikahubiriwa kuhusu kujizuia. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester wakaongeza jambo moja. Kabla ya jaribio, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea. Kwa kundi moja ahadi ikatimizwa. Kwa jingine mtu mzima akarudi mikono mitupu, akaomba radhi. Kisha kitamu kikawekwa mezani. Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi walisubiri kama dakika 3. Na mwaka 2018 utafiti wa Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan, uliowafuatilia watoto zaidi ya 900, ulionyesha kwamba ukizingatia hali ya familia, uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye hupungua sana.

Mimi husoma hivi: mtoto anayekula mara moja mahali ambapo ahadi hazitimizwi anafikiri sawasawa. Kusubiri kunahitaji imani, na imani hujengwa na ushahidi. Kwa hiyo kama wewe ni mtu ambaye hela haikai, usianze kwa kujiahidi nyumba baada ya miaka kumi. Sehemu fulani ndani yako haiamini ahadi hiyo, na itaila akiba ile kabla ya mwezi wa tatu.

Anza na ahadi ndogo yenye tarehe ya karibu. Nunua kibubu. Andika juu yake kitu kimoja unachokitaka kweli, chenye bei unayoweza kuifikia ndani ya wiki sita: viatu, godoro la mtoto, nauli ya kwenda kumwona bibi. Tarehe ikifika, kivunje na ununue kitu hichohicho, hata kama kuna shida nyingine inabisha hodi. Sehemu hii ni muhimu kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Ukiihamishia hela ile kwenye shida, umerudia kile kilichotokea siku ya Idi. Ukitimiza, rudia kwa miezi mitatu, kisha sita. Baada ya mizunguko kadhaa utashangaa jinsi kusubiri kulivyoacha kuwa mateso.

Alama inayoonekana husaidia. Nairobi, wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi waliokuwa wakiweka akiba kwa simu walipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba za wiki 24. Kila wiki walitakiwa kukwangua namba yake kuonyesha kama waliweka au hawakuweka. Kitu hicho kidogo, kilichokaa nyumbani mbele ya macho ya familia, kiliongeza akiba zaidi ya jumbe za kukumbushwa. Kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu inatosha kwako.

Wazee waliopitia foleni

Ukimwuliza mzee wa Tanzania uweke wapi hela, jibu liko tayari: nunua kiwanja, jenga hata kidogo kidogo. Vijana humwona mshamba. Wasikilize wazee wale kwa heshima zaidi, kwa sababu wanasema walichokiona. Februari 1967 waliona mabenki yakitaifishwa. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 walipanga foleni za sukari, sabuni na kanga. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wakaogopa kuonekana na bidhaa ndani. Katika miaka hiyo mfumuko wa bei ulipita asilimia 30, na baada ya 1986 shilingi ikaporomoka. Aliyeweka noti aliona zikigeuka karatasi. Aliyeweka tofali alibaki na ukuta. Mwaka 1995, benki ya Meridien Biao ilipoanguka, hata waliokuwa wameanza kuziamini benki binafsi walirudi nyuma.

Wachumi Ulrike Malmendier na Stefan Nagel waliona jambo la namna hiyo Marekani: watu walioishi nyakati ambapo masoko ya hisa yalifanya vibaya huendelea kuyakwepa hata miongo kadhaa baadaye. Mwili hukumbuka uchumi ulioupitia. Na mtoto hurithi hofu ya uchumi ambao hakuuona, kwa kuisikia mezani.

Basi ifanyie kanuni ya mzee wako uchunguzi. Sehemu yake ambayo bado ni kweli: ardhi yenye hati safi, iliyopimwa, katika eneo linalokua, ni mali. Sehemu ambayo hali imebadilika: amana za benki leo zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi kikomo kilichowekwa kisheria, kuna hatifungani za serikali, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT imekuwepo tangu ulipoanzishwa Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Sehemu inayoumiza: hela yako yote ikiwa ndani ya msingi ulioota nyasi, mtoto akiugua usiku huwezi kumlipia hospitali kwa tofali. Wengi hujikuta wakiuza kiwanja kwa bei ya shida. Kabla hujaweka tofali lingine, uwe na hela ya matumizi ya miezi mitatu mahali unapoweza kuichukua ndani ya siku chache. Mzee akiuliza, mwambie kwamba hiyo ndiyo inayokilinda kiwanja.

Chenji iliyopotea

Mtoto alitumwa dukani akapoteza chenji, akachapwa. Ni kisa kidogo, lakini kinakaa. Huko alijifunza kwamba kupoteza hela ni dhambi, na anayepoteza afiche.

Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida ya kiasi kilekile. Vipimo vingi vilivyofuata hukadiria uchungu huo kuwa karibu mara mbili. Kila mtu yuko hivyo. Malezi yenye fimbo huongeza aibu juu ya uchungu huo, na aibu ndiyo inayogharimu. Utamwona mtu anaendelea kulipia kodi ya fremu ya duka lisilouza kwa sababu kulifunga ni kukiri. Utamwona mwingine anaongeza hela kwa mdaiwa aliyeshamkimbia, ili ile ya kwanza isihesabiwe kuwa imepotea.

Kabla ya kuanza biashara yoyote, andika kikomo chako kwenye karatasi na umpe mtu mmoja aishike: nikifikisha tarehe fulani na mauzo hayajafika kiasi fulani, nafunga. Ukiwa tayari umo ndani, jiulize: kama leo ningekuwa na hela hii mkononi, ningeinunua biashara hii kama ilivyo? Ukijibu hapana, hela uliyokwisha kuiweka haina kauli tena.

Aibu hiyohiyo ndiyo inayowalinda matapeli. Waliopanda hela zao katika mpango wa DECI, uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, waliambiwa watavuna, kwa lugha waliyoizoea kanisani na kutoka kwa watu waliowaheshimu. Hawakuwa wajinga. Walilelewa kumwamini mchungaji na kutomhoji mkubwa. Ukiletewa fursa na mtu unayemheshimu, mheshimu yeye, uihoji fursa: faida inalipwa na nani, imesajiliwa Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kwa nini naambiwa niharakishe? Kisha mweleze mtu mmoja aliye nje ya kundi hilo kabla hujatoa hata shilingi.

Tarehe za kati ya 15 na mshahara

Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao waliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa wamebanwa na baada ya mavuno hela ikiwa imeingia. Watu walewale, vipimo vya kufikiri vya aina moja. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ukata huchukua nafasi ndani ya akili; kichwa kinachohesabu nauli, dawa na deni la jirani hakibaki na nafasi ya kutosha kwa jambo la mwezi ujao.

Kwa hiyo usiamue jambo kubwa katika siku za ukata kabla ya mshahara. Usisaini, usiache kazi, usiuze, usikope kwa simu usiku wa manane. Mikopo ya haraka imetengenezwa kwa ajili ya saa hiyo hasa. Huduma za mkopo wa simu kama Fuliza na Songesha zina matumizi yake kwa dharura ya siku moja, ila ukijikuta umezitumia kila mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, hiyo sasa ni sehemu ya mshahara wako unayoilipia ada. Mikopo ya kausha damu ni ya kukwepa kabisa, pamoja na programu zinazochukua majina ya watu walio kwenye simu yako ili ziwapigie ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Angalia leseni mchana, ukiwa umeshiba.

Ndugu

Hapa ndipo malezi yetu yanapotofautiana kabisa na vitabu vya fedha vya Marekani vinavyotafsiriwa na kuuzwa kwenye taa za barabarani. Vitabu hivyo hukuambia ujilipe mwenyewe kwanza na uache kuwabeba wengine. Sikubaliani navyo. Ulisomeshwa na shangazi, ulilala sebuleni kwa kaka wa baba, na mama mdogo ndiye aliyekaa na mgonjwa wako hospitali. Hayo yalikuwa bima, na bado ni bima. Tavneet Suri na William Jack, waliochunguza kaya za Kenya miaka ya mwanzo ya M-Pesa, waliona kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zikipatwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi zilipunguza matumizi kwa kiasi cha asilimia 7. Zilizoitumia hazikupunguza, kwa kuwa hela za ndugu na marafiki ziliwafikia. Usiukate mkono huo.

Wakati huohuo, mzigo ni wa kweli. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya majaribio vijijini Kenya ambapo watu walipewa hela na kuamua wawekeze kiasi gani. Wanawake walipojua kwamba ndugu waliokuwepo wangeona matokeo, walichagua kuwekeza kidogo na kukubali faida ndogo, ili wasijulikane wana kiasi gani. Watu hulipa gharama ili waonekane hawana. Nawe labda umewahi kufanya hivyo: umenunua friji usiyoihitaji kwa sababu hela ikiwa kitu, haiombwi.

Dawa ninayoiamini ni kulipatia fungu la ndugu jina, kiasi na mahali. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa magharibi mwa Kenya sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Hakuna kilichowazuia kulifungua. Hata hivyo, matumizi yao ya vitu vya kinga ya afya yalipanda kwa asilimia 66 hivi. Waliposhika hela iliyokwisha kupewa kazi, iliwawia rahisi zaidi kuwakatalia wengine, na kujikatalia wenyewe.

Kwa hiyo, amua kiasi cha ndugu kwa mwezi, kiweke kwenye laini yake au mfuko wake wa simu, na ukigawe katika sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ugonjwa, msiba na ada. Hii isiguswe na sherehe. Ya pili ni ya michango: kamati ya harusi, kitchen party, kipaimara, maulidi. Kadi ikija, unatoa kutoka fungu la pili mpaka liishe, na likiisha limeisha mpaka mwezi mwingine. Usiahidi kwenye kundi la WhatsApp ukiwa umepata joto la majina yanayopanda. Toa ahadi kesho yake asubuhi.

Na kataa kwa adabu iliyo na tarehe, maana hapana tupu kwa mkubwa wako haisemeki. Andika hivi: «Shikamoo mama mdogo. Nimeupata ujumbe wako. Fungu la mwezi huu limeshatoka kwa matibabu ya Baba. Tarehe 26 nitakutumia 30,000 na ya kutolea.» Kisha tarehe 26 ifike na hela ifike. Ukifanya hivyo mara tatu, utaona maombi yanabadilika. Watu huanza kukuuliza una nafasi lini, kwa sababu neno lako limekuwa na uzito. Wanaokusumbua zaidi mara nyingi ni wale ambao uliwahi kuwaahidi usitimize. Wamejifunza kwamba ni lazima kukushikilia.

Na usiwafiche wazazi wako ukweli wa mshahara wako wote. Mzazi anayedhani unapata mara tatu ya unachopata ataumia kila ukituma kidogo, na wewe utaumia kwa kudhaniwa mchoyo. Kaeni siku moja kijijini, baada ya chakula, umwonyeshe: kodi hii, nauli hii, ada hii, na hiki ndicho chenu.

Nyumba mbili chini ya paa moja

Wanaooana huleta nyumba mbili za utotoni, na ugomvi mwingi wa hela katika ndoa ni wa nyumba hizo. Mmoja alimwona baba akificha mshahara na mama akihangaika. Kwake mume asiyesema anapata kiasi gani ni hatari. Mwingine alimwona mama mwenye hela zake za siri za vikoba ndizo zilizoiokoa familia baba alipoachishwa kazi. Kwake siri ndiyo usalama. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna anayemwelewa mwenzake, kwa kuwa wanajadili friji.

Kabla ya kujadili bajeti, zungumzieni kumbukumbu. Kila mmoja asome karatasi yake ya zile kumbukumbu tatu, mwingine asikilize bila kujibu. Ulizaneni: nani alishika hela kwenu? Mlijuaje kwamba zimekwisha? Kuna ndugu aliyewahi kuwadhulumu wazazi wako? Ukiniona natumia, unaogopa nini hasa? Fanyeni hivyo siku ambayo hamna deni la kulipa wala mgeni ndani, na msimalize jioni moja. Mengine hutoka wiki ya tatu, mkiwa mnaosha vyombo.

Halafu pangeni kiwango. Kila mmoja awe na hela yake isiyoulizwa, hata iwe ndogo, na kuwe na kiasi ambacho hakuna anayekivuka bila kumwambia mwenzake kwanza, iwe ni kununua, kukopa, kumkopesha rafiki au kudhamini mkopo wa ndugu. Udhamini uandikeni kwa jina lake, maana ndio unaosahaulika na ndio unaouza nyumba. Kiwango hicho kipitieni upya kila kazi inapobadilika, mtoto anapozaliwa, au mzazi wa upande wowote anapohamia kwenu.